Pazia la Bafta, Wewe Nyuma Mimi Mbele

Mpendwa mama mkwe wangu, Nyar Mfangano, binti wa kisiwa cha Mfangano,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe hatukuongea hata siku moja. Kwa Kijaluo ningeona haya. Kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe wake: hampi mkono, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na neno lake humfikia kwa kupitia mtu mwingine. Watu wengi wa kanisani siku hizi wameyalegeza mambo haya. Wewe hukulegeza, na mimi nilikuheshimu kwa hilo hata siku zile ambazo sikukupenda. Basi niache nijifiche ndani ya Kiswahili nikuite "wewe" nipendavyo.

Leo nimetoka Migori. Nilikuwa katika duka lile lile nililonunua pazia la kwanza, nikaonyeshwa pazia jipya la sinema kutoka Nairobi. Ni zito, ni jeupe, linajikunja lenyewe ndani ya bomba la chuma. Awino, binti yako, alikuwa ameniambia nisirudi bila hilo. Nimerudi bila hilo. Sasa hivi anapika, hajaniuliza, na kabla hajaniuliza nataka nikueleze wewe kwanza, kwa sababu kosa ni lako.

Mwanzo wa pazia letu hukuuona. Uliusikia tu, tena kwa watu wasionipenda. Mwaka wa tatu baada ya Uhuru, mgodi nilimokuwa nikifanya kazi ulifungwa. Mimi sikuwa mchimbaji, nilikuwa mtu wa sinema katika klabu ya wafanyakazi. Kila Jumamosi nilifungua mashine, nikaweka filamu, nikaiunga ilipokatika. Siku ya mwisho meneja aliniambia nichague: pesa kidogo za kuagana, au mashine na jenereta yake. Nikachagua mashine bila kufikiri mara mbili. Pazia lenyewe, lile la kung'aa, alilikunja akaenda nalo kwao. Nikabaki na picha zisizo na mahali pa kutua.

Ndipo nikaenda Migori. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitandikia turubai jeupe juu ya meza.

"Ya sinema chukua hii," alisema. "Hii nzito. Taa haipiti."

Aliponitajia bei nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na ile pale juu?"

"Ile bafta. Ile watu wanashona ndani ya koti. Wewe unataka sinema ama unataka koti?"

"Nataka bafta."

"Sawa, chukua. Lakini usinirudishie kesho."

Fundi wa cherehani aliyekaa pale barazani aliunganisha vipande viwili, akanizungushia ukingo wa kaniki nyeusi ili picha ionekane imenyooka. Siku ya kwanza mshono ulisimama wima katikati, na kila mtu aliyekuja mbele ya kamera alipasuliwa pua. Nikaligeuza pazia, mshono ukalala, ukapita viunoni mwa watu kama mkanda, na hakuna aliyelalamika tena. Nikalitia wanga wa muhogo ili lisipeperuke. Asubuhi yake mbuzi wa jirani walikuwa wamelamba pembe yote ya chini. Nikalifua kwa bluu, likawa jeupe kupita maziwa, kisha vumbi la Homa Bay likalirudisha kuwa rangi ya chai. Upepo wa ziwani ukivuma, mabwana wembamba walinenepa na mabibi wanene walikonda. Mimi nililipenda. Nakwambia ukweli, sijawahi kununua kitu rahisi kikanitumikia vile.

Kosa lake moja tu ndilo alilolisema mwenye duka. Taa ilipita. Siku ya kwanza nilipolifunga katika uwanja ulio karibu na ghala la pamba, watu waliolipa walikaa mbele, na wengine wengi vilevile wakazunguka nyuma wakaona kila kitu bure. Nilipigana nao wiki mbili kisha nikachoka.

Wakati huo Awino alikuwa tayari kwangu, katika chumba nilichopanga nyuma ya soko la Homa Bay. Wewe ulikuwa kwako, kisiwani Rusinga, ulikoolewa. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno lako ndilo lililokuwa la mwisho, na neno lako lilinifikia kwa mdomo wa mtu wa boti, mbele ya watu, pale kwenye gati.

"Mama anasema hivi," alinitangazia kama mtu anayesoma tangazo la chifu. "Wewe mwenye shuka, mavuno yakiisha anakuja kuchukua mtoto wake. Anasema mume anazunguka masoko na shuka kuonyesha watu vivuli, mke amefungiwa kwa nyumba akingoja, hiyo si boma."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa nimezoea kuchekwa na nilijua kurudisha. Lakini niliogopa, Mama. Nilijua Awino ananipenda, na nilijua pia kwamba ukisimama mlangoni ukamwambia "twende", ataondoka. Hakuwahi kukukatalia jambo tangu azaliwe. Nilikuwa na mashine, na jenereta, na mke, na kati ya hivyo vitatu ningeweza kuviacha viwili vya kwanza mchana ule ule. Kilichoniuma ni kwamba hata ningeviacha, ungesema sasa sina kazi kabisa.

Ulikuja kweli. Ulishuka botini na magunia yako mawili ya dagaa wa omena, ukayauza kwanza, kisha ukafikia kwa yule mjane wa kanisani mliyetoka naye Mfangano. Hukuja chumbani kwetu, wala sikutegemea. Awino alikwenda kukusalimu, akarudi macho mekundu.

"Boti ya keshokutwa," aliniambia. "Nimemwomba kitu kimoja tu. Kwamba leo aione hiyo kazi kwanza."

"Amekubali?"

"Amekubali. Lakini hawezi kukaa mahali umesimama. Amesema mkwe akiwa mbele yeye hakai mbele."

Mimi nikaona nimepata akili kubwa. Nikamwambia akuweke nyuma ya pazia. Taa si inapita? Utaona kila kitu, na kitambaa kitakuwa katikati yetu. Nilijisifu njia nzima nikibeba zile nguzo.

Unaikumbuka filamu ya siku ile. Niliichagua kwa ajili yako, wewe mwuza samaki: wavuvi wa nchi moja ya baridi, makoti hadi magotini, wakivuta nyavu zenye samaki wakubwa kama ndama. Kisha wanarudi nyumbani, na kijana mmoja anampelekea baba yake mzee bakuli la supu, mzee anapokea, anakunywa, anamwaga nusu kwenye ndevu. Hapo watu wa mbele walicheka kila mara. Mimi nilikuwa kwenye mashine, wewe ulikuwa upande wa pili juu ya kigoda, leso kichwani. Tangu nimuoe binti yako hatukuwahi kuwa mahali pamoja muda mrefu vile. Niliendesha ile filamu kama ninayeendesha gari la rais.

Awino alikusindikiza kwa mjane, akarudi, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Amesema nifunge vitu vyangu."

"Kwa nini? Filamu haikumpendeza?"

"Anasema unafundisha watoto wa watu adabu mbaya. Anasema yule kijana alimpa baba yake chakula kwa mkono wa kushoto, na mzee mzima akapokea, na wewe ukaacha watu wacheke. Anasema hata nyavu wanavuta kwa kushoto. Ameniuliza umetoa wapi watu kama hao."

Nilianza kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka saba na sikuwa nimekaa nyuma ya pazia hata mara moja. Anayetazama kutoka nyuma huona kila kitu kimegeuka. Kulia kwao ni kushoto kwake. Wale wa bure walikuwa wakiliona jambo hilo kila wiki na hawakusema, kwa sababu mtu asiyelipa halalamiki. Nikakuweka wewe pale, mwanamke ambaye aliwahi kumrudishia mnunuzi pesa zake na kumfunikia kikapu kwa sababu alizinyoosha kwa mkono wa kushoto. Tena nikajiona mjanja.

Asubuhi Awino akawa tarishi wetu. Alikwenda kwa mjane na maelezo yangu akarudi na majibu yako. Nilichora hata picha kwenye karatasi ya sukari. Jibu lako la mwisho nalikumbuka hadi leo: "Mwambie kitambaa hakiwezi kugeuza mkono wa mtu."

Nikakaa chini. Boti ilikuwa ya kesho yake. Awino alikuwa amesimama pale anaitazama ile karatasi ya sukari, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi leo aje mbele. Wewe enda nyuma."

"Na mashine?"

"Mashine ikikwama huwa unaita nani?"

Hapa ni lazima nikiri jambo ambalo wewe hukulijua, na mimi sikulisema kwa watu kwa sababu nilipenda waniite fundi peke yangu. Awino hakuwa akifungiwa chumbani. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa akikaa nami kwenye mashine. Vidole vyake, vile vilivyosuka vikapu kwako tangu utoto, viliunga filamu iliyokatika haraka kuliko vyangu, tena kiungo chake hakikuonekana. Alijua sauti ya jenereta inapotaka mafuta kabla haijakohoa. Lakini kuendesha onyesho zima, peke yake, mbele ya soko zima na mama yake mzazi, hilo hakuwahi kulifanya.

Saa moja na nusu jioni nilikuwa nyuma ya pazia langu, juu ya kigoda chako, kati ya watu wa bure. Walisogea kunipisha kama jamaa. Sikukuona. Nilijua tu kwamba uko mbele, umekaa pale mkeka ulipotandikwa, na kwamba nikichungulia ukingo wa kaniki nitakuwa nimevunja kila kitu. Jenereta ikanguruma. Taa ikaja. Wavuvi wakatoka, wakavuta nyavu kwa mikono ya kushoto, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona ulichokiona. Hata mimi nilichukizwa kidogo.

Kisha kijana akaingia na bakuli, akaanza kunyoosha mkono, na filamu ikakatika.

Ulisikia miluzi. Ulisikia yule mlevi aliyepiga kelele kwamba arudishiwe pesa zake. Mimi nilikwishasimama. Miguu yangu ilijua njia, hatua ishirini tu, kuzunguka nguzo na kufika kwenye mashine. Lakini katikati ya njia ile ulikuwa umekaa wewe, na ningetokea usoni pako na taa yote ya jenereta ikinimulika. Mtu mmoja wa bure akaniambia, "Fundi, si uende?" Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mama mkwe yuko mbele. Akaelewa mara moja, akakaa, akawaambia na wengine wanyamaze, na upande wote wa nyuma ukanyamaza pamoja nami. Nafikiri sijawahi kuwapenda watu wa Homa Bay kama dakika ile.

Nilisikia kifuniko cha mashine kikifunguliwa. Nilisikia mkasi. Nilijua kila anachofanya na sikuweza kumsaidia hata kwa neno. Halafu taa ikarudi, kijana akanyoosha mkono, kwangu wa kushoto na kwako wa kulia, mzee akapokea, akamwaga supu kwenye ndevu. Watu wakacheka. Katikati ya kicheko hicho nikasikia sauti moja ya mwanamke mzima, nzito, ikisema, "Eee. Wa kulia." Ilikuwa sauti yako.

Watu walipoondoka nilibaki nyuma nikifungua kamba za pembe za chini, kwa sababu pazia halijikunji lenyewe. Nikaona kivuli kimekuja kusimama upande wa pili, karibu sana. Nikajua ni wewe. Mjane wako hakuwepo, Awino alikuwa akizima jenereta, hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Ukaongea na kitambaa.

"Ni Awino alikuwa kwa mashine?"

Nilikitazama kitambaa, nikakijibu kitambaa. "Ni yeye."

"Wakati ilikatika, ni yeye alitengeneza?"

"Ni yeye."

"Nani alimfundisha?"

"Mimi nilimfundisha, Mama. Sasa ananishinda."

Nilifungua fundo la kamba, nikalifunga tena, na nikashukuru kwamba bafta haionyeshi vitu vidogo vidogo. Mwisho ukasema, polepole, ukipima kila neno:

"Mimi nilikuja kuchukua msichana anakaa kwa nyumba kungoja bwana. Huyo msichana sijamwona hapa. Kesho napanda boti peke yangu."

Ukageuka. Kisha ukarudi hatua moja ukaongeza kwamba hiyo shuka ni chafu, niifue.

Nilikaa chini kwenye nyasi palepale. Awino aliponikuta alidhani ni habari mbaya.

Ulikuja tena mara nyingi baada ya hapo, kila ulipoleta samaki, na ningekuachia mbele kwa furaha. Ulikataa. Ulisema mashine ina watu wawili na wote wafanye kazi, wewe utakaa nyuma. Ukawa na kigoda chako pale. Mtu mgeni akishangaa mikono ya kushoto, ulimweleza kama mwalimu, ukamwambia ahesabu kinyume. Halafu akaja mama mmoja wa Rangwe ambaye mkwe wake alikuwa na kibanda cha chai sokoni na hawakuwahi kuona kitu kimoja pamoja. Akaja mwingine. Ukafika wakati ambapo nyuma hapakuwa pa watu wa bure tena. Palikuwa pa akina mama wakwe, leso vichwani, na wakwe zao wamekaa mbele, na kitambaa kimoja katikati, na wote wakicheka mahali pamoja. Mchungaji alikuja kuangalia akaenda zake bila kukataza. Sijui mji mwingine wenye kitu kama hicho, nami ninajivuna nacho waziwazi.

Sasa unaona kwa nini nimerudi mikono mitupu. Leo nililigusa lile pazia la Nairobi, nikamwuliza mwenye duka kama taa inapita. Aliona fahari kunijibu kwamba haipiti hata kidogo. Nikamwambia anikatie yadi kumi za bafta. Alivua miwani akanitazama, kisha akakata. Awino atanikasirikia kwa muda. Atasema picha zetu ni hafifu, na ni kweli. Nitamwambia aende nyuma akahesabu vigoda.

Siku ya kukuzika nilikuja Rusinga na ng'ombe, kama ilivyopasa. Watu walipita kwenye jeneza kukuaga, mmoja mmoja. Shemeji zangu, watu wa kanisa, walinishika mkono wakaniambia nami nipite, kwamba aliyekufa hana mkwe. Sikupita. Nilikaa mbali chini ya paa la nyumba ya jirani hadi ukafunikwa. Sikujutia, wala sijutii. Ulitaka iwe hivyo, na wewe nami tulikuwa na njia yetu.

Ila kurudi, tukiwa botini, nilimwambia Awino kwamba nimemzika mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni vizuri. Alinishangaa. Akaniambia kisiwa kizima kinajua kwamba yeye ni wewe mtupu: paji, macho, hata ule mwanya wa meno. Akasema sura yako ya ujanani ni hii hii iliyokaa mbele yangu na mtoto mapajani.

Kesho jioni tutafunga pazia. Awino ataiwasha mashine na taa itampiga usoni, nami nitasimama kando yake nimtazame kwa muda ninaotaka, bila haya.

Lala salama, Mama.

Ni mimi mkweo, mume wa Awino.